Kindi wa kihambani Kibosho

Masika ya mwaka 1996, kwenye kihamba cha bibi (shamba la Wachagga linalozunguka nyumba) huko Kibosho, miteremko ya Kilimanjaro, mahindi yake yaliliwa hata kabla hayajaota. Kindi walikuwa wakishuka mitini asubuhi na mapema, wakiufuata mstari wa mbegu shimo kwa shimo na kufukua. Bibi akapanda upya, wakafukua tena. Ndipo mjomba akatoa bunduki yake ya upepo.

Ilikuwa ile ya kukunja mtutu: unaukunja mpaka springi ikaze, unapachika kirisasi cha milimita 4.5, unaurudisha. Haina baruti, kwa hiyo wengi huidharau na kuwaachia watoto. Mjomba alikuwa mkali. Aliniambia, "Ukiona anga nyuma ya kindi, usipige. Kihambani kuna watu." Na ni kweli, Kibosho vihamba vimebanana, ng'ambo ya migomba kuna njia, mfongo (mfereji wa maji), au mlango wa jirani. Namheshimu mpaka leo kwa hilo.

Kindi akikuona, mara nyingi hakimbii mbali. Anazunguka shina, anajibanza upande wa pili na kutulia. Kwa hiyo tulienda wawili. Mjomba aliegemea mgomba. Mimi nikapita mbali kuuzunguka mparachichi, nikitikisa majani, kisha nikachuchumaa nyuma ya mawe ya mfongo. Hakupiga mpaka alipohakikisha nimekaa pale. Kindi alihamia upande wake, kichwa chini, mkia ukirukaruka, na nyuma yake shina nene. Nikasikia "pa!", kisha kitu kikaanguka kwenye majani makavu. Risasi ilimpata chini ya sikio; hakufurukuta. Mjomba alipiga kichwa tu, na kama hakukiona vizuri, alimwacha aende zake.

Tulipata watatu.

Kuchuna ndiko kwenye kazi. Ukimchuna mkavu, manyoya yananata kwenye nyama na hayabanduki. Mjomba aliwalowesha kwenye ndoo, akakata chini ya mkia, akaukanyaga, akavuta miguu ya nyuma kwa nguvu, ngozi ikavuka mpaka mabegani kama shati. Akatoa vitezi vya kwapani, maana vinaharibu ladha. Vichwa alivitupa, humo ndimo risasi zilimobaki.

Bibi hakutaka sufuria yake iguswe, tukaazima kwa jirani. Tulichemsha na chumvi na tangawizi mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa, tena ilichukua muda, maana mmoja alikuwa mzee. Tukakaanga kitunguu na nyanya, tukarudishia nyama, tukaongeza ndizi mshare na supu yake. Ladha iko karibu na sungura kuliko kuku, ila mifupa ni mingi na midogo. Nyama ya paja ndiyo tamu.

Bibi alikuwa amekaa kando na kahawa yake, akituangalia tunavyokula. Mwishowe akanyoosha mkono, mjomba akampa paja. Akalitafuna taratibu, akauliza, "Huyu ndiye aliyemaliza mahindi yangu?"

"Ndiye, mama."

Akasogeza bakuli aongezwe.