Nilivyovua dagaa kwenye mbalamwezi

Kidato cha pili niliandika kwenye insha kwamba tulifika mahari pazuri sana. Mahari, kwa R. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akauliza hiyo mahari ni ng'ombe wangapi, basi darasa zima hoi, na mpaka namaliza shule kuna watu walikuwa bado wananiita Mahari. Sisi Wasukuma tunajua wenyewe R na L zinavyotutesa, kilugha chetu hakina R kwahiyo ulimi unaokota yoyote iliyo karibu. Saizi nacheka ila kipindi kile iliniingia, nikabaki na wazo kwamba Kiswahili kina wenyewe, wako huko Tanga na Zanzibar, mimi mtoto wa Magu nimeazimishwa tu na siku yoyote naweza kudaiwa.

Kuandika sikuacha, ila niliandika kama mtu aliyevaa shati la kuazima, muda wote anaangalia asilichafue. Stori zangu zilijaa minazi. Bahari yenyewe nimeiona kwa macho nina miaka 26, lakini minazi ilikuwa inapepea kila ukurasa, na wazee barazani wanakunywa kahawa chungu. Nikifika kurasa tatu nne nasoma, naona aibu, nachana. Tena nachana vipande vidogo kabisa asije mtu akaviunganisha.

Afu nikaja kugundua kwao Kezilahabi, yule mwandishi wa riwaya na mashairi, ni Ukerewe. Shuleni nilimjua kama jina la kujibia mtihani, sikuwahi kujiuliza katokea wapi. Ukerewe hii hii, unapanda meli hapa Mwanza unashuka Nansio. Mtu kazaliwa 1944 kisiwani katikati ya Ziwa Victoria, lugha ya nyumbani Kikerewe, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1971, na alipoleta mashairi yasiyo na vina wala mizani kuna waliosema haya sio mashairi kabisa, ukawa ugomvi mkubwa, na yeye akaendelea kuandika. Sijifananishi naye jamani msinipige mawe, ila kumbe kulikuwa na mtu wa ziwa! Nilitembea kifua mbele kama mwezi mzima hivi. Kisha nikafungua daftari nikakuta R na L zimekaa pale pale zinaningoja.

Mi ni wakala wa kutuma na kutoa hela, kibanda changu kipo Mwaloni Kirumba, soko la dagaa. Kukiwa hakuna mteja naandika kurasa za nyuma za daftari la miamala. Mwaka jana nikaanza stori ya mvuvi anaemficha mke wake deni, nikajiapiza safari hii hakuna mnazi hata mmoja, ni ziwa tu. Sentensi ya kwanza niliihangaikia siku mbili: "Mbalamwezi ilimwaga fedha juu ya ziwa, mitumbwi ya dagaa ikaelea kimya." Nikaangalia hadi kamusi kama ni kuelea au kuerea. Nikaridhika kabisa.

Jirani yangu ni mama mmoja anauza dagaa wa magunia, namuita ma'mkubwa, siku hiyo akaniuliza kila siku unaandika nini humo, madeni yetu? Nikajitoa ufahamu nikamsomea. Moyo unaenda mbio, nasubiri acheke matamshi yangu, japo na yeye ni Msukuma vilevile, woga hauna akili. Sentensi ya kwanza tu akanikata.

"We mwanangu, mwezi upo juu?"

"Upo."

"Mkubwa?"

"Mkubwa, ma'mkubwa."

"Sasa hao dagaa wanavuliwaje?"

Kwa asiyejua, dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola, wanafata mwanga gizani ndo wanazolewa na nyavu. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika. Mwaloni kila mtu anajua hili na mimi najua! Kila mbalamwezi daftari langu linakuwa jeupe, hakuna anaetoa hela maana mzigo wa kununua hakuna, floti imelala tu. Yaani ushahidi ulikuwa kwenye daftari lile lile, kurasa za mbele, halafu nyuma yake nimeandika uongo kisa sentensi ilifanana na za vitabuni.

Na "akafikili" ilikuwepo mstari wa nne, nimekuja kuiona baadae. Ma'mkubwa hakuigusa, yeye kagombana na mwezi.

Nikaufuta mwezi, nikaweka giza, na hapo ndo stori ikaamka. Maana usiku wa giza ukisimama mwaloni taa za wavuvi unaziona kule ziwani kama kuna mji umejengwa juu ya maji, kwahiyo mke wa mvuvi wangu akawa na kitu cha kufanya, anasimama anahesabu taa. Usiku mmoja anahesabu inapungua moja. Hiyo nisingeipata kwenye kamusi yoyote.

Siku hizi R na L naziachia mwisho, kuna rafiki yangu mwalimu namtumia WhatsApp ananirudishia imejaa alama. Woga upo, nisidanganye, juzi tu nimekaa nusu saa nzima kwenye neno "fahari".

Wiki hii ni mbalamwezi. Toka asubuhi nimehudumia watu wanne na mmoja alikuja kuomba chenji. Ma'mkubwa kakaa juu ya ndoo kaipindua, kaniuliza yule mwanamke wa taa ameshajua mume wake yuko wapi. Nimemwambia bado naandika. Kasema basi niandike haraka, giza likirudi hatakuwa na muda wa kunisikiliza.