Simpigi, Namtoa Makohozi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri binti yangu yuko kitandani, amelala ubavu, macho bado mazito. Nimevua pete. Nabana vidole, nakunja kiganja kama mtu anayeteka maji, naanza kumgonga mbavuni juu ya fulana. Sauti ikiwa nzito, po, po, po, mkono uko sawa. Ikilia kama kofi, kiganja kimenyooka na mtoto ataumia. Uti wa mgongo siugusi, mfupa wa kidari siugusi, tumbo siligusi. Dakika chache, kisha namgeuza upande wa pili.

Mama yangu alipoona kwa video mara ya kwanza alipandisha sauti. "Mwanangu, huyo si mgonjwa? Mbona unamtandika?" Nikamwambia, "Simpigi mama, namtoa makohozi." Alikaa kimya muda mrefu.

Binti ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi. Kuna jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989, inayoongoza chumvi na maji kupita kwenye utando wa seli. Ikiharibika, ute wa mapafuni unakosa maji, unanata kama gundi na kuziba mirija ya hewa, bakteria wanajificha humo. Mimi na mke wangu ni wazima kabisa, kumbe kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja mbovu, na mtoto akazipata zote mbili.

Tulizungushwa miaka mitatu. Mara pumu, mara nimonia. Ugonjwa huu watu wameuzoea kama wa wazungu, kwa hiyo mtoto mweusi anayekohoa hakuna anayemfikiria hivyo, na vipimo vya watoto wachanga mara nyingi hutafuta mabadiliko ya jeni yaliyozoeleka Ulaya. Mke wangu alisema tangu mwanzo kwamba akimbusu mtoto kwenye paji la uso anaonja chumvi. Hakuna aliyemsikiliza, mpaka daktari mmoja akaagiza kipimo cha jasho, kinachopima chumvi iliyomo. Wazazi wenzangu mlio huku ughaibuni, mkiona dalili hiyo, kidaini kipimo hicho. Msione haya.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa yenye viambato vitatu ambayo imebadilisha maisha ya wagonjwa wengi. Badiliko la jeni la binti yangu halimo kati ya yale inayoyasaidia. Basi sisi tumebaki na mikono, na nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta. Kabla ya kugongwa anavuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7 ili ute ulegee. Dawa ya bakteria huja mwisho, kifua kikiwa kimeshasafishwa, la sivyo inaishia juu ya makohozi.

Kugonga peke yake hakutoshi. Ute ukishatikiswa lazima utolewe, na kukohoa kwa nguvu kunachosha na kubana mirija. Mtaalamu alimfundisha kupuliza kwa koo wazi. Binti anasimama dirishani, anavuta pumzi ya wastani, anatoa "haaa" ndefu mpaka kioo kinafanya ukungu. Hiyo huuvuta ute wa chini kabisa. Ukipanda, anavuta pumzi kubwa na kutoa "ha!" fupi, kali. Kisha anapumzika, anapumua taratibu, anarudia. Ukungu usipoonekana anajua mwenyewe kwamba amefunga koo.

Kosa letu kubwa tulilifanya akiwa mzima. Alikuwa hakohoi, analala vizuri, nami nilikuwa na zamu za usiku, tukaacha wiki mbili. Alipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, namba ilikuwa imeshuka, na tukalazwa kwa dawa za mshipani. Kifua kilikuwa kimya tu, hakikuwa kisafi. Tangu siku hiyo ni asubuhi na jioni, kabla ya kula ili asitapike, awe na kikohozi au asiwe nacho.

Siku hizi mama akipiga simu, baada ya shikamoo haulizi kuhusu kazi yangu. Anauliza, "Ametoa? Ya rangi gani?" Leo nimemjibu, "Meupe, mama."