Tulipanda Rungwe kwa ajili ya blanketi

Tukuyu, huku Mbeya, mwezi wa sita baridi haina huruma jamani, na kwenye zahanati moja huku kwetu wakina mama wanajifungua halafu wanajifunika vitenge tu, mimi hiyo kitu iliniuma sana. Nikawaambia wenzangu wa jogging tupande Mlima Rungwe, ni karibu mita 3,000 ujue, kila mtu atafute watu wa kumchangia, akituma picha ya kileleni ndo wanamtumia hela kwa simu.

Tukaondoka alfajiri na muongoza njia wetu. Ule msitu ndo una kipunji, yule nyani aliyegunduliwa 2003, sisi hatukumuona ila mianzi na utelezi tuliviona vya kutosha. Dogo mmoja soli ya raba ikabanduka, akaifunga na kamba ya mgomba iliyokuwa imefungia mzigo wa chakula akaendelea mpaka juu!

Tuliporudi jioni bibi muuza maparachichi akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu mbili za mia tano, "ndaga (asante kwa Kinyakyusa) mwanangu, na mimi nimo." Nililia. Jumatatu tunaenda kununua blanketi.