Bisibisi hutoka mwisho: siku yangu moja ya ufundi wa kompyuta Lamu

Saa 12:30 asubuhi

Chai ingali moto, hamri la kwanza sijalimaliza, simu inaita. "Fundi, kompyuta imekufa." Huku kwetu kompyuta haiharibiki, hufa. Nimeizoea lugha hiyo, hata mtu akiniambia "inasumbua kidogo tu" ndipo moyo hunidunda, kwa sababu huyo mara nyingi ameshaifungua mwenyewe.

Aliyepiga ni mwenye duka la fotokopi karibu na ngome. Namuuliza maswali yangu ya kila siku. Kuna taa yoyote inayowaka? Chaja imechomekwa wapi? Tangu ilipokuwa nzima mpaka sasa, nini kimebadilika? Hilo la mwisho ndilo ninaloliegemea zaidi, na ndilo kila mtu hulijibu "hakuna". Naye anajibu hakuna. Basi namwambia achomoe chaja ya kompyuta, hapo hapo achomeke ya simu. Kimya kidogo. Kisha: "Na simu haichaji." Kijana anayefagia duka alizima swichi ya ukutani jana jioni.

Dakika 3, na malipo yangu ni dua. Dua siikatai, ila mwenye chumba changu hapokei kodi kwa dua.

Saa 2

Nafungua. Chumba changu kiko uchochoroni Langoni, na uchochoro wenyewe unamtosha punda mmoja mwenye shehena. Wakikutana wawili, mmoja hana budi kurudi nyuma, nami husimama nikishikilia meza mpaka wapite.

Ndani ya mkoba wangu mna bisibisi za namba mbalimbali, brashi ya kupakia rangi, kichupa cha spiriti, betri bapa za CR2032, waya za akiba, fleshi mbili na kifutio cha penseli. Kifutio huwachekesha wateja. Lakini sisi tunaishi kwenye hewa ya chumvi, na kusi ikivuma chumvi hiyo huingia hadi ndani ya mashine. Meno ya kadi ya kumbukumbu, ile RAM, hufanya utando. Mashine huwashwa ikatoa mlio tu bila picha. Unaitoa kadi, unayasugua meno yake kwa kifutio, unairudisha mpaka isikike "tik" pande zote mbili, na mgonjwa huinuka.

Hata hivyo hiyo si kazi ya kuanzia. Naanza na yale yasiyogharimu kitu na yasiyoweza kuharibu kitu: umeme, waya, kuzima na kuwasha, kutazama tarehe. Kisha programu. Bisibisi hutoka mwisho. Na kila nikijaribu jambo, ni hilo moja tu. Ukigusa vitatu kwa mpigo mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na wiki ijayo ikirudi unaanza upya.

(Shuleni tulifundishwa kuita kitu hiki tarakilishi, na ile ya kubeba kipakatalishi. Miaka yangu yote ya kazi hajatokea mteja aliyeniambia kipakatalishi chake kimezimika.)

Saa 3:15

Mtoto ametumwa: bibi mmoja wa Mkomani ananiita. Nakwenda kwa miguu, nafika nabisha hodi.

"Sabalkheri, bibi."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo utezame mashini hii. Yana nimesema na mjukuu wangu vizuri, leo yanambia si salama. Si salama nini, na ni mjukuu wangu?"

Mjukuu yuko Maskati, na laptopu ni yake ya zamani aliyomwachia. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ukuta. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na mawimbi ya Wi-Fi hayazipendi. Ruta ikiwa ukumbini, chumba cha ndani hupata chembe tu. Katika nyumba kama hizi huwaambia watu watumie mawimbi ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz, kwa kuwa yale ya kwanza hupenya ukuta vizuri zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Lakini alama ya mtandao imejaa. Kila tovuti ninayofungua inakataa kwa onyo lile lile, kwamba mawasiliano si salama.

"Bibi, usiku kumekuwa na jambo lolote?"

"Hakuna. Stima ilipotea tu, ikarudi alfajiri."

Natazama pembe ya chini ya skrini. Kwa laptopu hii, leo ni tarehe 1 Januari 2015.

Betri kubwa ya laptopu ilishakufa kitambo, inaishi kwa waya. Ndani kuna betri nyingine ndogo, bapa kama sarafu, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuilindia saa mashine ikiwa imezimwa. Nayo imekwisha. Stima ilipopotea, saa ikasahau na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Sasa kila tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2015 ikioneshwa cheti cha mwaka huu, huona ni cheti ambacho hakijaanza kutumika, na huo kwake ni ulaghai. Haikukosea, ni kama bawabu aliyelala miaka kumi, akaamka na kukutaka karatasi za zama zake.

Nimeirekebisha tarehe kwa mkono, tovuti zikafunguka. Hapo ningeweza kuaga, lakini stima ingepotea tena ningerudishwa, kwa hiyo nikafungua kifuniko cha nyuma na kubadilisha betri. Shilingi 300, betri ndani yake. Mjukuu alipotokea kwenye skrini bibi hakunitazama tena. Nilijitoa mwenyewe.

Saa 5

Duka la jumla, kompyuta ya hesabu. Malalamiko: imekuwa kobe. Mwenyewe ni ami yangu kwa upande wa baba, kwa hiyo bei nayo huwa ya ami.

"Ami, mara ya mwisho umeizima lini?"

"Naizima kila usiku kabla ya kufunga mlango. Wanijua mimi na stima."

Namwamini. Nabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nafungua ukurasa wa utendaji, nasoma mashine imekuwa macho kwa muda gani: siku 23.

Ami anaitazama namba ile kama mtu aliyesingiziwa. Nikamweleza. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna mtindo wa kuwaka haraka. Ukibonyeza "Shut down", mashine hufunga programu zako, lakini kiini cha mfumo hukihifadhi kwenye diski kama kilivyo, uchovu wake wote ndani. Asubuhi hukirudisha kile kile. Taa zinazimika, feni inanyamaza, lakini kwa ndani haijaanza upya. Ukibonyeza "Restart", hapo ndipo hukitupa na kuanza kisafi. Ndiyo maana fundi akikwambia "zima uwashe" nawe ukazima kwa njia ya kawaida, unaweza kurudi na shida yako mkononi na kudhani fundi ni mwongo.

Tumeiristati. Nimezima pia programu saba zilizokuwa zikijiamsha zenyewe kila mashine inapowaka, mbili kati yake za printa ambayo ami aliiuza zamani. Kobe akatembea.

"Kwa hivyo umebonyeza kitufe kimoja," ami akasema.

Ndiyo shida ya kazi hii. Ningetoa bisibisi, nikatandaza skrubu juu ya gazeti, nikatokwa na jasho saa nzima, ningelipwa bila swali. Nilipewa shilingi 200 na kilo moja ya sukari. Sukari nimeichukua.

Saa 7

Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Katikati ya tonge, ujumbe kutoka kwa kijana wa Shela: laptopu yake inaandika mazimwi. Ametuma picha. Alitaka kuandika Juma, ikatoka 140a.

Sikuacha tonge. J ni 1, u ni 4, m ni 0: hiyo ni Num Lock kwenye laptopu za zamani zilizobanwa namba ndani ya herufi za mkono wa kulia. Bonyeza Fn na kitufe cha Num Lock, basi. Akajibu kwa kikatuni cha kulia kwa kicheko. Alikuwa ameshaulizia bei ya kibodi mpya.

Saa 8

Hapa sasa nijiseme mwenyewe.

Ofisi ya madrasa moja. Kompyuta ya mezani, skrini nyeusi, maandishi yanayoelea kwamba hakuna ishara. "Tangu Jumatatu," maalimu akaniambia, kisha akaingia darasani. Nami, labda kwa yale maneno ya ami bado yakiniwasha, sikuuliza swali hata moja. Nikatoa bisibisi.

Kifuniko kikatoka. Vumbi, la haja. Nikapiga brashi, nikatoa kadi za RAM, nikasugua kwa kifutio kwa mbwembwe zote, nikarudisha. Skrini nyeusi. Nikajaribu kadi moja moja kwenye kila nafasi. Nyeusi. Nikakimbia dukani kuchukua kisambaza umeme changu cha kujaribia, nikakiunga, nyaya zikatapakaa mezani kama mishipi ya wavuvi. Nyeusi. Saa nzima na robo imekwenda, fulana imeganda mgongoni.

Mvulana mmoja alikuwa amesimama mlangoni na juzuu yake mkononi. Akasema kwa adabu, "Ami fundi, huo waya wa tivii zamani ulikuwa ukiingia kule chini."

Jumapili ofisi ilipakwa rangi. Mashine ilihamishwa, nyaya zikachomolewa, na aliyezirudisha alichomeka waya wa skrini kwenye tundu la juu. Kompyuta ile ina kadi ya picha ya ziada, matundu yake yako chini, yamelala. Kadi hiyo ikiwepo, tundu la juu mara nyingi huwa limezimwa. Nikahamisha waya. Picha ikaja.

Kinachoniuma ni kwamba mashine ilikuwa ikiniambia. Feni ilizunguka. Ilitoa ule mlio mmoja mfupi wa salama. Na laiti ningebonyeza Num Lock kwenye kibodi, ningeona kijitaa chake kikiwaka na kuzimika kila nikibonyeza, maana yake mwenyewe yu hai ndani, anasikia, ila uso wake hauonekani. Kompyuta iliyokufa kweli haiitiki Num Lock. Hilo nawafundisha vijana wanaokuja kujifunza kwangu!

Maalimu alinitolea shilingi 1,000. Nikapokea 500, na 100 katika hizo nikampa mvulana. Akauliza kama anaweza kuja dukani wakati wa likizo. Nimemwambia aje.

Saa 10:30

Binti wa chuo, ametokwa na machozi: pembeni mwa skrini kila dakika kunatokea onyo kwamba ana virusi watano na alipie dawa sasa hivi. Hana virusi. Siku moja tovuti fulani ilimwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, akabonyeza kukubali ili aendelee kutazama filamu. Nimeingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikafuta ruhusa hiyo. Kwisha. Nimemwambia jambo moja tu: dawa ya virusi ya kweli haikuhimizi kama mpiga debe.

Saa 12 jioni

Nikikaribia kufunga, mama mmoja kutoka Wiyoni ameingia, mkononi ana diski ya nje, imo ndani ya mfuko wa plastiki. Picha za harusi ya binti yake zote zimo humo. Na video ya nikahi, ambamo marehemu mumewe anamuozesha.

"Haifunguki. Nimeichomeka, nimeichomoa, nimeichomeka, tangu yana."

Nikaichomeka mara moja, nikainamisha sikio. Tak. Tak. Tak. Kama ukucha ukigonga sahani. Nikaichomoa hapo hapo.

Mlio ule ni wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake na kushindwa. Ndani ya diski ya aina hii mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa huelea juu yake bila kuigusa. Kikiharibika, kila mara unapoiwasha kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakisomeki tena, kwa fundi yeyote. Asubuhi nzima nimehubiri kuzima na kuwasha. Hii ndiyo mashine moja ambayo kuiwasha tena ni kuimaliza.

"Hukujaribu kuizima ukaiwasha?" akaniuliza. Nadhani watu wameshazoea kunisikia.

"Hii hapana, mama. Hii tuiache imelala."

Nikamwambia kweli: kuna mafundi Nairobi wanaofungua diski ndani ya chumba kisicho na vumbi. Si rahisi kwa bei, na hakuna anayeweza kumwahidi kwamba video itapatikana. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza boti ya kwanza ya Mokowe huondoka saa ngapi, na basi hufika lini.

Nimeitia diski kwenye kisanduku chenye sponji, nikaandika juu yake kwa kalamu nene: USIWASHE. Mama akakichukua kile kisanduku, akakifunga kwenye pindo la leso lake, fundo mbili.