Nilivyojifunza kufuma kwa mkono wa kushoto

Mimi ni mashoto. Shuleni nilichapwa vidole mpaka nikaandika kwa kulia, na chakula nakula kwa kulia kama mama alivyonilea, lakini siku niliposhika sindano ya kroshia mkono wa kulia ulikataa kabisa. Uzi ulitaka kushoto.

Ninaishi Busia, upande wa Uganda, na nina kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Asubuhi kuna wateja, jioni kuna wateja. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana ni jua tu na malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Dada yangu ana mtoto wa kiume, wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na nilitamani avae kofia ya kufuma siku ya Idi, kofia iliyotoka mikononi mwangu. Ilibaki miezi mitatu.

Sindano nilinunua sokoni, ya milimita 4, namba imechorwa kwenye mpini. Uzi mpya ulinishinda bei, nikaamua kufumua sweta la mitumba. Hapa mtu anayeanza asiharakishe. Ligeuze sweta nje ndani, utazame ubavuni. Kama vipande vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake kisha vikaunganishwa, utaona ukingo safi unaofanana na mnyororo, na uzi wake utatoka mrefu bila kukatika. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikapigwa cherehani pembeni, kila mstari utakupa kipande kifupi kisichofaa kitu. Sweta langu la kwanza lilikuwa la namna hiyo, elfu mbili zikapotea. La pili lilikuwa rangi ya maziwa, na rangi hiyo ilinisaidia sana, kwa sababu uzi mweusi humficha mwanafunzi mahali pa kuingiza sindano. Nililifumua, nikazungushia uzi kwenye miguu ya stuli niliyoipindua, nikaufunga sehemu nne usije ukavurugika, nikaufua kwa maji ya vuguvugu na kuuanika huku nimening'iniza chupa ya maji chini yake. Asubuhi mikunjo ilikuwa imenyooka.

Kisha nikakaa wiki mbili na video za kwenye simu. Zilinichanganya kwa mambo mawili. Kwanza, majina: mshono ambao Wamarekani wanauita wa moja, Waingereza wanauita wa mbili, na wa mbili wa Wamarekani ni wa tatu kwa Waingereza, kwa hiyo nilikuwa nafuata maelekezo sahihi na kupata kitu kingine kabisa. Pili, mikono yote niliyoiona ilikuwa ya kulia. Nilijaribu kugeuza kichwani kila tendo, na uzi ukanisokota vidole. Kitambaa nilichoanza na macho 20, yaani vitanzi 20 vya uzi, kilifika safu ya saba kikiwa na 13, kimekuwa pembetatu.

Nyuma ya kibanda changu anakaa bibi mmoja wa Kinubi aliyehamia hapa kutoka mji wa Bombo. Sote tunamwita Haboba, ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Anasuka kawa za ukindu wa rangi za kufunikia chakula, na kofia anafuma tangu ujana wake. Nilimpelekea ile pembetatu. Akaitazama, akatazama mkono wangu.

"Unakaa wapi mtu akikufundisha?"

"Ubavuni, Haboba."

"Basi njoo ukae mbele yangu, mwanangu. Nitazame kama unavyojitazama kwenye kioo."

Nilikaa goti kwa goti naye. Mkono wake wa kulia ukawa upande wa kushoto wangu, na kila alichofanya nilikifanya bila kugeuza chochote kichwani. Mchana ule ule nilifuma safu kumi zilizonyooka. Nilipozikumbuka zile video, nikaja kugundua kwamba nikiisimamisha simu mbele ya kioo na kutazama ndani ya kioo, mafundi wote wanakuwa mashoto kama mimi.

Pembetatu nayo ilikuwa na sababu yake: nilikuwa naliruka jicho la mwisho la kila safu, kwa kuwa limejikunja pembeni na halionekani vizuri. Haboba alinilazimisha kuhesabu kila safu kwa sauti kabla ya kugeuza kazi. Wateja walinisikia.

Kofia huanza na duara. Kwa mshono mfupi, ule wa moja wa Wamarekani, macho 6 katikati, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, unaongeza 6 kila mara na kuyatawanya. Ukiongeza pungufu, duara linainuka kama bakuli. Ukizidisha, linajikunjakunja kama jani la kabichi. Nilifunga kipande cha uzi mwekundu mwanzo wa mzunguko nisipotee. Haboba hupima kwa shibiri. Mimi nilipima kichwa cha mtoto kwa futi ya fundi cherehani, nikapata sentimita 47, nikagawa kwa 3.14, ikawa kama 15. Duara lilipofika upana huo niliacha kuongeza, nalo likaanza kushuka lenyewe kuwa kofia. Nilipoona ukingo unateremka nilisimama pale kibandani nikaita watu waje kuona.

Niliifumua mara nne. Mara ya nne nililia, maana ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, lakini mzunguko wa sita ulikuwa na macho mawili ya ziada na nisingeweza kuliacha kosa hilo juu ya kichwa cha mtoto wetu. Pasi sikuipitisha kabisa, kwa sababu uzi ule ni wa akriliki, aina ya plastiki, na joto huulegeza ukabaki hivyo. Niliilowesha, nikaivalisha bakuli, ikakauka kwa umbo lake.

Siku ya Idi tulipita kwa Haboba kumsalimia. Alimvua mtoto kofia, akaweka kidole katikati ya duara na kufuata mzunguko polepole hadi ukingoni. Za kwake huzunguka upande mmoja, yangu inazunguka upande mwingine.

"Hii hata ikipotea sokoni," alisema, "mimi nitajua ni ya nani."

Kisha akamrudishia kichwani.