Vumbi la Tsavo, Chumvi ya Pwani: Nilivyojifunza Kuliosha Gari Letu la Kulala Safarini

Tulipolinunua gari letu la kulala mwaka 2019, nilihofia injini, breki na tairi, wala sikuwaza hata mara moja kwamba kazi itakayonisumbua zaidi ni kuliosha. Ni lori dogo ambalo fundi mmoja wa Changamwe alilifungia nyuma chumba cha faibaglasi chenye vitanda viwili, jiko la gesi, madirisha manne ya akriliki, yaani plastiki ngumu mfano wa kioo, na paneli mbili za sola juu ya paa. Mimi na mke wangu tumestaafu, watoto wanajitegemea, na kila mwaka tunatoka Mombasa mara mbili au tatu kwa safari za wiki tatu hadi sita, kwenda bara, kwenda Lamu, au kuvuka Lunga Lunga na kuingia Tanzania. Chumba hicho kina urefu wa mita 5, na paa lake li karibu mita 3 kutoka ardhini, kwa hiyo kukiosha hakulingani kabisa na kuosha gari dogo la kwendea kazini.

Kosa langu la kwanza nililifanya Voi. Tulikuwa tumekaa siku mbili katika barabara za udongo za Tsavo Mashariki, na udongo wa huko, ambao wekundu wake unatokana na chuma kilichomo ndani yake, ndio huohuo unaowapaka ndovu ile rangi wanayojulikana kwayo. Gari letu jeupe lilitoka mbugani likiwa na rangi ya tofali. Niliona haya kuingia nalo mjini, nikachukua fulana kuukuu na kuupangusa ubavu wote wa kulia, mkavu hivyohivyo, nami nikajisifu kwa jinsi ulivyong'aa. Asubuhi jua lilipoupiga, niliona mistari myembamba ya duaraduara isiyohesabika, kana kwamba mtu amepitisha msasa. Kwa kweli nilikuwa nimepitisha msasa, kwa sababu vumbi lile lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari, na fulana yangu ilifanya kazi ya kuzikandamiza na kuzizungusha. Polishi imeififisha mistari hiyo, lakini ukisimama pembeni wakati wa machweo utaiona mpaka leo.

Tangu siku hiyo nilianza kuutazama uchafu wa safarini kwa jicho jingine. Vumbi kavu, hata likiwa jingi kiasi gani, linakaa tu juu ya rangi na kumfedhehesha mwenye gari, halili kitu. Vinavyokula ni vichache: chumvi, kinyesi cha ndege, mabaki ya wadudu, utomvu wa miti na lami. Hivyo basi, nikiwa njiani naweza kuliacha vumbi wiki nzima bila wasiwasi, lakini vitu hivyo vitano sivilazi na gari usiku mmoja nikiweza kuviepuka.

Kuhusu chumvi, sisi watu wa Mombasa tunadhani tunaijua. Nyumba yetu iko Kizingo, si mbali na bahari, na miezi ya kusi upepo huleta ukungu wa maji ya chumvi unaotanda juu ya kila kitu, vioo kwa vyuma. Mlinzi wetu wa zamani, kijana mwenye bidii na nia njema, alikuwa akiliosha gari kila Ijumaa kwa maji ya kisima kabla ya kwenda kuswali. Mimi nilimshukuru na hata kumwongeza ujira. Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba visima vya kisiwani, vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe na kukaribiana na bahari, vina maji yenye chumvi na chokaa, na kwamba tulikuwa tukiiondoa chumvi kwa chumvi. Zile pete nyeupe zilizobaki kwenye vioo na kwenye rangi baada ya maji kukauka zilikuwa ushahidi tosha, ila sikuusoma. Pete hizo niliziondoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikaisuuza mara moja kwa maji matamu bila kuiacha ikaukie. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho ni mazuri, lakini wenyeji wanajua kwamba hayaji kila siku. Na yale ya mikokoteni, muuzaji aseme asemavyo, huyaonja kwanza kwa ulimi kabla ya kulipa.

Fundi wa Changamwe ndiye aliyenionyesha madhara yenyewe. Alilala chini ya gari, akaniita, "Mzee, hebu inama uone hapa." Pale ambapo ukanda wa alumini wa chumba ulifungwa kwenye fremu ya chuma, alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe kuzunguka kila bolti. Alinieleza kwamba metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja humla mwenziwe, na katika ndoa hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Alifungua bolti moja baada ya nyingine, akatia vipande vya mpira kati ya metali hizo mbili, akapaka grisi. "Na ukiosha, mzee, anza na huku chini. Juu ni kwa ajili ya watu." Maneno hayo nimeyashika kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu gari.

Jangwa la Chalbi lilinipa somo la pili la chumvi. Tulifika huko kupitia Marsabit, safari ya zaidi ya kilomita 1000 kutoka nyumbani, tukavuka ule uwanda mweupe ambao zamani ulikuwa ziwa. Unga wa chumvi uliingia kila mahali: ndani ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, katika mikunjo ya chasisi. Fikira yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta maji, lakini katika nchi ambako kina mama wanapanga foleni na mitungi kisimani, kununua lita 60 ili kuosha gari niliona ni aibu ambayo sabuni haitoshi kuitakasa. Nikachukua brashi laini ya mpini mrefu na kupukusa kilichopukusika, kilichobaki nikakiacha. Baadaye nilielewa kwamba sikuwa nimepoteza kitu. Chumvi kavu hulala. Ili ianze kula chuma inahitaji unyevu, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75. Jangwani hewa haifiki huko. Mombasa hufika karibu kila usiku. Maana yake ni kwamba chumvi ya Chalbi ingeamka siku tutakayorudi nyumbani, na kwamba mahali pa kuiondoa ni njiani, kabla ya kuteremka pwani.

Uoshaji wenyewe sasa naufanya kwa mitungi mitatu ya lita 20, na chombo kilichonisaidia kuliko vyote nilikinunua katika duka la pembejeo za kilimo. Ni bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni, la lita 16, ambalo halijawahi kuona dawa. Nalijaza maji matupu, nasuuza kwanza huko chini kama fundi alivyoniagiza, kisha nalilowesha gari kuanzia juu kushuka, nasubiri dakika chache udongo ulainike, kisha narudia tena, mpaka mchanga uteremke wenyewe bila kuguswa na mkono wala kitambaa. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Nakuwa na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka garini, ili mchanga niliouondoa ubavuni usirudi ubavuni. Natumia kitambaa cha maikrofaiba, nakipitisha kwa mistari ya kwenda moja kwa moja, sizungushi, na namalizia kwa bomba tena. Kazi hii naifanya alfajiri au kivulini. Ukiosha juani, sabuni hukauka kabla hujaifikia na kuacha mabaka. Sabuni ya unga ya kufulia niliiacha, na ile ya vyombo pia, kwa kuwa huondoa nta pamoja na uchafu.

Nta hiyo ndiyo nusu ya kazi, na hufanywa nyumbani. Siku mbili kabla ya safari ndefu tunaliosha gari, tunalikausha na kulipaka nta chumba chote. Faibaglasi iliyoachwa bila nta katika jua letu hupauka, na ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chokaa. Tena uso wake huwa na vitundu vidogo vinavyoukumbatia uchafu. Penye nta vumbi la Tsavo huteleza kwa maji matupu. Mke wangu, ambaye hupenda kuniachia kazi za nje na kubaki na hesabu, aliwahi kuniambia kwamba kopo moja la nta limetuokolea mitungi mingi ya maji, na sina hoja ya kumpinga.

Sasa nirudi kwa vile vinavyokula. Kunguru wa Mombasa hawahitaji utambulisho. Kinyesi chao kina asidi, na kikikaukia juani huacha alama ambayo huingia ndani ya rangi, na mtu akikikwangua kwa ukucha huongeza mikwaruzo juu ya alama. Mimi hukifunika kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika tano, kikishalainika nakiinua badala ya kukisugua. Kivuli nacho nakichagua kwa makini: mwembe hudondosha utomvu unaonata, na mkungu hualika popo usiku, na asubuhi utakuta paa limepakwa madoa ya hudhurungi. Tulilala chini ya mkungu mara moja tu, karibu na Malindi, na mara hiyo ilitosha.

Wadudu ni shida ya mvua. Ukiendesha jioni baada ya mvua za vuli katika sehemu za Mtito Andei, kumbikumbi hujigonga kwenye kioo na bampa mpaka waipa hazifanyi lolote ila kupaka mafuta. Wakikaukia hapo siku mbili, hutawatoa bila kusugua. Dawa yangu ni magazeti ya zamani: nayalowesha, nayabandika mbele ya gari mara tunapoegesha, tunakunywa chai, na baada ya robo saa nayabandua na wadudu wanakuja nayo. Lami ya barabara zinazojengwa, ambayo tuliipata kwa wingi njia ya Mtwapa na Kilifi, inataka mafuta. Wengine hutumia mafuta ya taa, nami nimeyatumia, lakini mafuta ya nazi hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi bila kuidhuru rangi: yapake, yaache dakika kumi, futa, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na upake nta upya, kwani nayo itakuwa imeondoka.

Mashine za presha nilizipenda mpaka siku nilipolikabidhi gari kwa vijana wa mahali fulani pa kuoshea magari na kwenda kula. Mmoja aliusogeza mdomo wa bomba karibu kabisa na dirisha, maji yakapita kando ya mpira na kulowesha godoro, na mwenzake, akitaka kunifurahisha, alikisafisha kioo kwa thina. Madirisha yetu si kioo, ni akriliki, na akriliki ikiguswa na thina au spiriti hupasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Dirisha hilo tulilibadilisha kwa gharama iliyoniuma. Leo ninasimama hapo mwenyewe, mashine inakaa mbali na mipira na viungio vya silikoni, na madirisha yanaoshwa kwa maji na sabuni hafifu tu. Turubai la kivuli, lisipokuwa kavu, halikunjwi, la sivyo huota ukungu. Paneli za sola hupangusiwa alfajiri zikiwa bado baridi, maana maji ya baridi juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua.

Safari ya mwisho tulirudi kutoka kaskazini tukiwa na udongo wa wiki nne, na maji tuliyoweza kununua Voi yalikuwa mitungi mitatu ileile. Mwenye uwanja tulipolala alinitazama nikilala chali juu ya gunia, na bomba la dawa ya shamba mkononi, nikisuuza chasisi, ekseli na ndani ya madigadi, mpaka mitungi miwili na nusu ikaisha. Akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, mbona unaosha pasipoonekana, na huko juu pamebaki vile vile?" Nilimweleza habari ya Chalbi na hewa ya Mombasa, akatikisa kichwa kwa heshima ya mtu asiyesadiki. Nusu mtungi uliobaki niliutumia kwa kioo cha mbele, taa na namba za gari. Jioni yake tuliingia Kizingo na paa jekundu, majirani wakatuuliza kama tumeuziwa gari jingine.