Ratiba ya mazoezi ya dada yangu, katikati ya kemo

Nafundisha riadha kwa wanafunzi wa sekondari hapa Tabora, na tangu dada yangu aanze kemo, yaani dawa za dripu za saratani yake ya titi, kule hospitali ya Bugando, Mwanza, ninao wanamichezo wa aina mbili. Sisemi hivyo kumfariji. Hesabu ninazopiga asubuhi kwa vijana wangu wa mita 5,000 ndizo ninazopiga jioni kwa dada: mzigo kiasi gani, mapumziko kiasi gani, na mwili wa jana umeamkaje leo.

Akirudi kutoka Mwanza, nyumba yetu ya Cheyo hujaa watu. Wanakuja na uji, wanakuja na matobolwa na asali, na kila mmoja akiaga huacha neno lilelile: "Dada, wewe lala tu. Usishike hata ufagio." Upendo wao nauona na naushukuru. Ila kulala nako kuna dozi yake. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya zao walilazwa kitandani wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana zile wiki 3 ziliwashusha kuliko miaka yote 30 ya kuongeza umri. Na hao hawakuwa na saratani, wala dawa inayoshusha damu.

Uwezo huo wa kutumia oksijeni ndio nataka watu wauelewe. Mkimbiaji wa kiwango cha dunia hutumia zaidi ya mililita 70 za oksijeni kwa dakika kwa kila kilo ya mwili wake, akiwa amejitoa kabisa. Maisha ya nyumbani hayahitaji hata nusu ya hiyo. Lakini mtu akishuka hadi 16 au 18, hapo ndipo kujitegemea kunaanza kuyumba, kwa sababu kutembea tu mahali tambarare, mwendo wa kawaida, kunataka kama 11 au 12. Mtu wa 16 akienda sokoni anatumia karibu robo tatu ya nguvu yake yote! Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, Septemba 2025, katika marathoni, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros mpaka picha ikaamua, mwili wake nao ulifanya kazi karibu na ukingo wake. Wagonjwa wengi wanaishi karibu na ukingo huo kwa kufua na kuoga. Kwa hiyo dada akiniambia, "Mdogo wangu, nimetoka bafuni nimechoka kama nimelima," namwamini.

Kemo inabana kila kituo ambacho oksijeni inapita. Gramu moja ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, hivyo ikishuka kutoka gramu 13 hadi 9 kwa kila desilita ya damu, karibu theluthi ya shehena imepotea kabla moyo haujaanza kazi. Halafu ile dawa nyekundu, doksorubisini, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo wenyewe. Ndiyo maana moyo hupimwa kabla ya kuanza, na dozi zote hujumlishwa zisipite kiwango. Misuli ya miguu nayo hupungua kwa kichefuchefu na kulala. Dawa za kundi la paklitakseli huleta ganzi kwenye nyayo, na mtu asiyeisikia ardhi vizuri huanguka kirahisi.

Tunachofanya ni hiki. Kabla hajainuka kitandani anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kwa sekunde 15, anazidisha kwa 4, anaandika kwenye daftari. Vijana wangu wanafanya vivyo hivyo. Mapigo yakiamka juu kuliko kawaida yake, siku hiyo ni nyepesi, na hatubishani. Siku za mwanzo baada ya dripu ni kuzunguka ua tu. Nguvu zikirudi tunatoka alfajiri chini ya miembe, kabla jua halijawa kali, kwa mwendo ambao anaweza kutamka sentensi nzima ila asingeweza kuimba. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini, kwa hiyo hakuna soko wala mkusanyiko. Homa ikifika nyuzi 38, habari ya mazoezi imekwisha: ni hospitali, saa hiyohiyo. Na haya yote daktari wake aliyaruhusu kwanza. Mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa, au aliyeshukiwa chembe sahani zinazogandisha damu, hawezi kuiga ratiba ya mwingine.

Nguvu tunazijenga kwa kiti na chupa za nusu lita zilizojaa mchanga. Hapa nilipata ubishi mkubwa, hasa kuhusu mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji. Watu wanaogopa utavimba. Utafiti wa Kathryn Schmitz uliotoka 2009, kwa wanawake 141 waliokwisha kuwa na uvimbe huo wa mkono, uliona kwamba kunyanyua vyuma polepole, kwa kuongeza kidogo kidogo, hakukuzidisha uvimbe. Na mwaka 2007, Kerry Courneya wa Kanada na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 242 waliokuwa kwenye kemo ya saratani ya matiti: waliofanya mazoezi ya uzito walimudu sehemu kubwa zaidi ya dozi waliyopangiwa. Huo ndio ulionigusa zaidi, maana dozi ikikatwa au kuahirishwa, mgonjwa ndiye anayekosa.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo makubwa zaidi, ya wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha maliza kemo. Nusu walisimamiwa mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, walio hai walikuwa asilimia 90 hivi kwa wenye mazoezi, na 83 kwa wale wengine. Wenye mazoezi waliumia misuli na viungo mara nyingi zaidi, hilo lisemwe. Na ule ni utumbo, si titi, hivyo siwezi kumwahidi dada chochote kwa namba hizo.

Mwezi ujao anaanza mionzi. Uchovu wake hujilimbikiza wiki baada ya wiki, na Bugando iko kilimani wakati Tabora yetu ni tambarare. Kwa hiyo tumeanza ngazi za baraza: kupanda, kushuka, kukaa, kupima mapigo. Jana aliomba tuongeze raundi. Nimemkatalia, kwa sababu juzi usiku hakula.